Siku Nane za Jasho Kabla ya Kushuka Mgodini

Kijana akipata kazi ya ujenzi Doha, au ya kupakua makasha kwenye ghala la Texas mwezi wa Julai, sisi ndugu zake huuliza mshahara, chumba na nauli. Ni nadra mtu kuuliza wiki yake ya kwanza kazini itapangwaje. OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, inasema karibu nusu ya vifo vya joto makazini hutokea siku ya kwanza kabisa ya kazi, na zaidi ya asilimia 70 hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Anayeanguka mara nyingi ni mgeni mwenye nguvu zake, anayetaka kumwonyesha msimamizi kwamba anaweza, ila mwili wake haujapewa muda.

Mwili unahitaji siku ngapi? Nini hubadilika ndani yake siku hizo? Na kwa nini mtu aliyekwisha kuzoea joto huweza kurudi kuwa mgeni tena? Maswali haya yamechunguzwa nchi nyingi, lakini ni mahali pachache yalipochunguzwa kwa watu wengi na kwa miaka mingi kama chini ya Johannesburg. Waliopimwa walikuwa wahamiaji kama sisi. Baadhi yao walitoka Tanganyika.

Mtaa wenyewe

Kwa wengi wetu jina la Marshalltown lilikuja na habari mbaya. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, Namba 80 Albert Street, liliungua na kuua watu zaidi ya 70, Watanzania na Wamalawi wakiwa miongoni mwao. Jengo hilohilo zamani lilikuwa ofisi ya pasi, ambako Mwafrika alipanga foleni kuomba ruhusa ya kuishi na kufanya kazi mjini.

Ukitembea kidogo kutoka hapo unafika Main Street, na mambo yanabadilika. Huko ndiko kampuni za dhahabu zilikojenga makao yao. Mbele ya Namba 44, iliyokuwa nyumba ya Anglo American, wapo swala pala wa shaba wanaoruka juu ya maji, kazi ya mchongaji Herman Wald. Hollard Street nayo ipo karibu, na Namba 5 ya mtaa huo ndiyo iliyokuwa makao ya Chamber of Mines, chama cha wenye migodi. Chama hicho ndicho kilichosimamia uajiri wa mamia ya maelfu ya wanaume kutoka nusu ya Afrika. Ndicho pia kilichogharimia maabara ya kupima ni joto gani mwanamume anaweza kulifanyia kazi bila kufa.

Sijui kama kuna mtaa mwingine wenye uamuzi mwingi namna hii juu ya jasho la watu wengine katika eneo dogo hivyo.

Kwa nini chini kuna joto

Kadiri unavyoshuka ardhini mwamba unazidi kuwa moto. Mwamba wa Rand si mkali kama wa sehemu nyingine, ila migodi yake imekwenda chini mno. Mponeng, magharibi mwa Johannesburg, inakaribia kilomita 4 kwenda chini, na huko mwamba unapita nyuzijoto 60. Leo hewa yake hupozwa kwa barafu inayosukumwa kutoka juu. Miaka ya 1920 hapakuwa na barafu.

Palikuwa na maji, na maji ndiyo yaliyoleta balaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji walikuwa wakifa kwa vumbi la mawe lililowaharibu mapafu. Dawa iliyopatikana ni kunyunyizia maji kila mahali ili vumbi litulie. Vumbi likapungua, hewa ikaloa. Na mwanadamu anayefanya kazi ngumu mahali penye joto ana njia moja tu kubwa ya kujipoza: jasho.

Si jasho lenyewe linalopoza, ni kukauka kwake. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto ambalo lingetosha kuchemsha takriban lita saba za maji ya bomba. Jasho linalodondoka chini halijafanya kazi yoyote; limekupotezea maji na chumvi bure. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho halikauki. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam hulalamika Machi kuliko mtu wa Dodoma, ingawa kipimajoto kinaweza kusoma sawa. Sasa mweke mtu huyo kwenye shimo lenye unyevu kamili, mpe koleo, mwambie ajaze magari ya mawe. Misuli yake hugeuza zaidi ya robo tatu ya nguvu zote kuwa joto, na joto hilo halina pa kutokea.

Kifo cha kwanza cha kiharusi cha joto kwenye migodi ya Rand kiliandikwa mwaka 1924. Kufikia 1932 daktari Eustace Cluver alikuwa na vifo 92 vya kuchambua katika makala moja. (Tunaita kiharusi kwa sababu humwangusha mtu ghafla. Hakina uhusiano na kiharusi cha kupooza.)

Koleo la City Deep

City Deep ni jina ambalo Waswahili wa Johannesburg wanalijua kwa sababu ya soko kubwa la mboga na matunda, wafanyabiashara wetu wanakoamkia alfajiri. Zamani ulikuwa mgodi. Katika miaka ya 1930 daktari Aldo Dreosti aliwaweka wageni wa mgodi ndani ya chumba chenye joto na unyevu, akawafanya wapige koleo mawe huku akipima joto la miili yao. Aligundua kwamba watu hawafanani hata kidogo. Wengine joto lao lilipanda kidogo likatulia, wengine lilipanda moja kwa moja bila kusimama. Akawagawa kwa makundi, na wale wa hatari wakapewa muda mrefu zaidi wa kazi nyepesi kabla ya kutupwa kwenye joto kamili. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1935.

Wageni hao walitoka wapi? Hapo inaingia Wenela, kama wazee wetu walivyoliita shirika la WNLA lililoajiri nje ya Afrika Kusini. Kuanzia 1913 lilikuwa limekatazwa kuchukua watu wa kaskazini ya latitudo 22, kwa sababu watu wa nchi za joto walikuwa wakifa kwa nimonia ndani ya kompaundi kwa kiwango kilichotisha hata serikali ya wakati ule. Almroth Wright, bingwa wa chanjo kutoka London, aliitwa mwaka 1911 kutafuta chanjo. Spencer Lister wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Johannesburg akaendeleza kazi hiyo na kuonyesha kwamba vimelea vya nimonia ni vya aina nyingi, na kinga ya aina moja haikulindi na nyingine. Katika miaka ya 1970 daktari Mmarekani Robert Austrian alirudi kwenye migodi hiyohiyo ya dhahabu kujaribu chanjo ya aina nyingi kwa pamoja, na mwaka 1977 chanjo ya aina 14 ilipata kibali Marekani. Shangazi yako wa Minneapolis anapochomwa sindano ya nimonia kwa sababu ametimiza umri, anachomwa kizazi cha baadaye cha sindano iliyothibitishwa kwenye mikono ya vijana wa migodini.

Marufuku ilianza kulegezwa miaka ya 1930. Wenela ikapanda kaskazini hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, na Wanyakyusa wa Rungwe wakawa miongoni mwa waliosafiri kwenda Rand. Walikuwa na sababu zao: kodi, mahari, mabati ya nyumba. Kwa wengi ilikuwa afadhali kuliko kuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga. Baada ya uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika ilikatiza uajiri huo.

Fikiria sasa Tukuyu. Anayepajua anajua ukungu, mvua na sweta za asubuhi. Msemo kwamba Mwafrika amezaliwa amezoea joto ulikuwa msemo wa mabwana, na bahati mbaya tumeurithi, mpaka leo unamsikia mtu akimwambia mpwa wake, "Wewe mtoto wa Tanga, joto la Dubai litakufanya nini?" Mwili hausomi cheti cha kuzaliwa. Unasoma wiki mbili zilizopita.

Chumba cha Wyndham

Mtu aliyeligeuza jambo hili kuwa sayansi kamili ni Cyril Wyndham, aliyeongoza maabara ya Chamber of Mines ya masuala ya mwili wa binadamu kuanzia baada ya vita kuu ya pili, akiwa na mwenzake Strydom. Kuzoesha watu ndani ya mgodi kulichukua karibu wiki mbili na hakukuwa na usimamizi mzuri. Wao wakajenga vyumba vya joto juu ya ardhi.

Kwa siku nane, saa nne kila siku, wageni walivuliwa nguo wakabaki na kaptula au bila kitu, wakapanda na kushuka daraja moja la ngazi kwa mwendo uliopangwa, katika hewa ya unyevu wa karibu nyuzi 32. Urefu wa daraja ulirekebishwa kulingana na uzito wa mtu ili wote wafanye kazi sawa. Siku za kwanza mwendo ulikuwa wa pole, kisha ukaongezwa. Walipimwa joto kila baada ya muda, na aliyepita kiwango alitolewa.

Walichokiona kinaweza kusimuliwa kwa kufuata siku. Katika siku tatu nne za mwanzo, maji ya damu huongezeka. Moyo unapata kitu cha kusukuma, kwa hiyo mapigo hushuka ingawa kazi ni ileile. Baadaye jasho huanza mapema, kabla joto la ndani halijapanda sana, na huwa jingi zaidi kuliko zamani. Chumvi ndani yake hupungua. Mwili umejifunza kuibana. Mwisho wa siku nane mtu yuleyule, kazi ileile, hewa ileile, joto lake la ndani liko chini kwa kiasi kinachotofautisha uzima na kuanguka.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulikosea. Aliyezoea joto hutoka jasho zaidi, kwa hiyo anahitaji maji zaidi, si pungufu. "Nimeshazoea, sihitaji kunywa kila mara" ni maneno ya hatari.

Mwaka 1976 Strydom na wenzake walichapisha kwamba vijana waliopewa vitamini C kila siku walizoea haraka zaidi, na migodi ikaitumia kupunguza siku za chumba cha joto. Sikuelezi haya ili ukanunue vidonge. Chakula cha kompaundi hakikuwa na matunda mengi, na kumpa vitamini C mtu anayeikosa si sawa na kumpa anayekula machungwa kila siku. Kilichosukuma utafiti ule kilikuwa hesabu rahisi: kila siku kijana aliyokuwa akipanda ngazi isiyofika popote ilikuwa siku moja bila dhahabu.

Na hapa mtu lazima aseme anavyoona. Vifo vya joto vilipungua sana, hilo ni kweli, na Wyndham alikuwa mwanasayansi hodari. Lakini watu wale hawakuulizwa kama wanataka kupimwa. Walikuwa na mkataba, na mkataba ulikuwa unaanza chumbani mle. Swali la maabara halikuwa "mgodi upoze hewa hadi wapi ili mtu afanye kazi kwa utu?" Lilikuwa "huyu mtu anafaa au hafai?" Makala zimejaa majedwali ya mapigo ya moyo na lita za jasho, majina ya wenye jasho hayamo.

Kutoka kwa mchimbaji hadi kwa swala

Mmoja wa watafiti vijana waliochapisha na Wyndham na Strydom, mwaka huohuo wa 1976, ni Duncan Mitchell. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand, juu ya kilima upande wa pili wa katikati ya jiji, na maswali ya mgodini akayahamishia kwa wanyama wa porini.

Afrika Mashariki ilikuwa imetangulia. Miaka ya 1960, kule Muguga nje kidogo ya Nairobi, Mmarekani C. Richard Taylor alichunguza pofu na choroa. Aliona choroa aliyenyimwa maji akiacha joto la mwili lipande hadi kufikia nyuzi 45, ambalo lingemuua mwanadamu, badala ya kupoteza maji kwa jasho. Ubongo wake ulisalimikaje? Jibu lilikuwa kwenye mishipa. Chini ya ubongo wa swala, choroa, ng'ombe na kondoo, damu inayopanda hupita kwenye mtandao wa mishipa midogo iliyozungukwa na damu iliyopozwa puani. Binadamu hatuna mtandao huo. Kwa miaka vitabu vikafundisha kwamba mtandao ni wa kuokoa ubongo mnyama anapomkimbia simba.

Kundi la Mitchell, pamoja na Helen Laburn na Mjerumani Claus Jessen, liliweka vipimajoto vidogo ndani ya nyumbu weusi na kuwaachia huru. Makala ya 1994 ilileta habari tofauti: mnyama akifukuzwa mbio, wakati uleule tunaodhani anahitaji kupoza ubongo, upozaji huo hukoma. Hufanya kazi zaidi akiwa ametulia. Maelezo ambayo Mitchell, Andrea Fuller na wenzao waliyajenga baadaye ni kwamba mtandao ule unaokoa maji. Sehemu ya ubongo inayoamrisha jasho ikiwa imepozwa kidogo, huamini mwili hauna joto sana, na mnyama hutoa jasho kidogo. Kwenye nchi kavu hiyo ni akiba kubwa. Kundi hilo limepima hata homa za swala pala porini, ndugu wa wale wa shaba wa Main Street.

Laburn alifanya jambo jingine linalowahusu akina mama zaidi. Aliweka vipimajoto kwa kondoo wenye mimba na kwa vitoto vyao tumboni. Kitoto tumboni huwa na joto zaidi ya mama kwa karibu nusu nyuzi, kwa sababu kinazalisha joto lake na hakina ngozi ya kulitolea nje. Hulikabidhi kwa damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Joto la mama likipanda, lake nalo hupanda. Mwanamke mjamzito anayesafisha vyumba au kupika jikoni kwenye joto kali anabeba joto la watu wawili. Akisema anahitaji kukaa, akae.

Kinachofanyika leo

Sheria za Ghuba zinahesabu saa. Oman hukataza kazi za juani saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Falme za Kiarabu ni saa sita na nusu hadi saa tisa, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar, tangu 2021, ni saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na kazi husimama saa yoyote kipimo kinachochanganya joto, unyevu na jua kikipita 32.1. Hicho cha Qatar ndicho chenye akili zaidi, kwa sababu kinahesabu unyevu, na unyevu ndio uliowaua watu wa Rand.

Sheria hizo ni za wote, hazimtofautishi mgeni na mwenyeji. Pendekezo la NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, linamtofautisha. Mgeni afanye asilimia 20 tu ya kazi kamili ya joto siku ya kwanza, aongezwe asilimia 20 kila siku. Si kwamba akae nyumbani. Bila kufanya kazi ndani ya joto mwili haujifunzi. Mwambie mwanao alijue hilo kabla ya kupanda ndege, na alale vizuri na kunywa maji kabla kiu haijamshika.

Mwenzake akianza kupepesuka, kuongea ovyo, au kugombana bila sababu kwenye joto, huo ni ubongo unaolalamika. Asingoje ngozi ikauke. Mtu wa kiharusi cha joto anaweza kuwa bado anatoka jasho. Waite gari la wagonjwa, na palepale wamtumbukize kwenye maji baridi, au wammwagie na kumpepea bila kuacha. Apozwe kwanza, kusafirishwa kufuate. Kila dakika ambayo ubongo unabaki kwenye joto hilo ina gharama yake.

Na kuna wale wa miaka mingi kazini, wanaokuja nyumbani kwa likizo. Mazoea ya joto huanza kupungua baada ya wiki moja hivi nje ya joto, na ukikaa mwezi mzima karibu yote yamekwisha. Kwa mzoefu anayerudi, NIOSH wanapendekeza asilimia 50 ya kazi siku ya kwanza, 60 ya pili, 80 ya tatu, na kazi kamili siku ya nne. Aliyeondoka Muscat Juni akakaa Tukuyu wiki nne na sweta, akirudi Julai, siku ya kwanza afanye nusu.